Kito wa Ilazo: kasuku mdogo aliyekatwa bawa moja

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa moja na nusu asubuhi, mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, alinipigia simu akiwa hana nafasi hata ya salamu. "Daktari, ndege wetu anatoka damu bawani. Tangu usiku. Inaacha, halafu inaanza tena." Nilimwambia amviringishe kwenye kanga, asimbane kifua, aje hivyo hivyo bila kusubiri chai.

Hilo la kifua nililirudia mara mbili, na kila anayefuga ndege naomba alishike. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anavuta hewa kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Ukimkumbatia kwa nguvu, hata kama ni kwa mapenzi, unamziba pumzi, na anaweza kufia mkononi mwako huku wewe unadhani ametulia.

Walifika baada ya dakika ishirini hivi, mama na mwanawe wa darasa la tano. Ndani ya kanga alikuwemo Kito. Kito ni kokateli: kasuku mdogo wa kijivu mwenye uso wa njano, duara la rangi ya chungwa shavuni, na kishungi kinachosimama akishtuka na kulala akitulia. Siku hiyo kilikuwa kimesimama wima. Asili ya ndege hawa ni Australia, na wanaofugwa majumbani ni wale waliozaliwa kwenye matundu. Siku zangu nyingi mimi ni za mbuzi, kuku na mbwa wa ulinzi, lakini kasuku wadogo nao wananifikia, na karibu kila mmoja analetwa kwa neno moja: "Mkate." Mkate kucha, mkate mdomo, mkate mabawa. Kisa cha Kito naandika chote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kwake yeye hayo yote matatu yalikutana kwa mpigo, na ilikuwa lazima niamue kipi kikatwe, kipi kiachwe, na kipi kisubiri.

Kwanza damu. Kwenye kanga kulikuwa na madoa manne, kila moja kama sarafu ya shilingi mia. Kwa mtu, hayo si kitu. Kwa kokateli yanatosha kukutia jasho. Damu ya ndege ni kama asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo kokateli wa gramu 100 ana mililita 10 hivi, yaani vijiko viwili vidogo vya chai. Mwenye afya nzuri anaweza kupoteza mililita 1 na akasimama. Hayo ni matone kama ishirini. Ndiyo maana nawaambia watu wasisubiri kuona damu nyingi. Kwa mwili kama huo haiwezi kuwa nyingi.

Nilimshika ndani ya taulo dogo, kichwa kikiwa nje, kidole gumba na cha shahada vikishika pande mbili za taya, mgongo wake kwenye kiganja changu. Kijana akanishikia tochi. Nilipofungua bawa la kushoto nikaona kisa chote kiko pale.

Bawa lilikuwa limekatwa. Kasuku ana manyoya kumi marefu upande wa nje wa kila bawa, ndiyo yanayomsukuma mbele anaporuka, na nyuma yake yapo mengine ya kumwinua. Kwa Kito yote kumi yalikuwa yamekatwa usawa mmoja, pamoja na mengine matano ya ndani. Bawa la kulia lilikuwa zima, refu, safi. Kati ya vile vishina vya kushoto manyoya mapya matatu yalikuwa yameanza kuota. Unyoya mchanga hautoki ukiwa mkavu. Hutoka kama njiti ya kiberiti iliyovikwa ala, na ndani ya ala mna damu inayoulisha mpaka ukomae. Ukiumulika kwa tochi shina lake lina rangi ya zambarau. Mawili yalikuwa mazima. Wa tatu ulikuwa umevunjika katikati, na damu ilichungulia pale kila alipotikisa bawa.

Kwa nini uvunjike? Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana watu wengi hawajaambiwa. Ndege anaponyonyoka kwa kawaida, manyoya hayaanguki yote siku moja. Huanguka moja moja, huku majirani wakibaki warefu na wagumu, na ule mpya huota katikati yao kama mche kati ya miti mikubwa. Kitu kikigonga bawa, wanaopokea pigo ni wale wakubwa. Kata majirani wote, na unyoya mchanga unabaki peke yake uwanjani, ukiwa umejaa damu, laini, na mrefu kuliko kila kilichouzunguka. Pigo la kwanza ni lake.

Na pigo lilikuwepo. Mama alisimulia huku nikiendelea kubana kwa shashi. Usiku ule upepo ulikuwa mkali, kama tunavyoujua upepo wetu wa kipupwe, na bati moja la banda la nje lililegea likawa linagonga. Saa nane usiku, giza totoro sebuleni, Kito alilipuka ndani ya tundu, akajigonga huku na huku mpaka walipowasha taa. Wanaofuga kokateli duniani kote wanaijua tabia hii. Akishtuka gizani hawezi kuona pa kushika, anarukaruka kama aliyekalia makaa, na majeraha mengi ya manyoya machanga hutokea saa kama hizo.

Nilibana dakika tatu kwa saa. Ikakata. Nilipomwachia kidogo akapiga bawa mara moja, na tone jipya likajitokeza. Nikabana tena, safari hii dakika tano. Unyoya mchanga uliovunjika ukiacha kutoka damu, mimi huuacha ulivyo, kwa sababu kuung'oa kunauma na kunaweza kuharibu kitundu unamoota. Lakini huu ulikuwa umevunjika chini mno, karibu na ngozi, ukining'inia, na kila pumzi ya hofu iliufungua upya. Niliamua kuung'oa. Kijana nilimwomba aangalie pembeni. Hakuangalia pembeni.

Kazi yenyewe ni ya sekunde mbili, ila usiifanye kama hujawahi kuonyeshwa. Unashika mfupa wa bawa kwa vidole viwili, imara, hapo hapo unyoya unapotokea, maana ukivuta bila kuushika mfupa unaweza kuuvunja: mfupa huo ni mwembamba kuliko mti wa mshikaki. Kibano kinashika shina chini kabisa. Unavuta moja kwa moja kuelekea unyoya unakoota, bila kuzungusha, bila kukwamua. Kito alilia mara moja, mlio mkali. Kisha nikabana kitundu kwa shashi safi dakika mbili, na damu ikakoma. Unga wa kukausha damu sikuutia. Ule ni wa kucha. Kwenye kitundu cha unyoya unachoma nyama changa.

Mama akavuta pumzi, halafu akasema nilichokuwa nakingoja: "Basi, daktari, na kucha na mdomo umalizie hapo hapo, si umeshamshika?"

Alikuwa na sababu. Kucha za Kito zilikuwa zimejikunja kama ndoano, mbili kati yake zikimfanya asimame kwa ubavu wa kidole. Mdomo wa juu ulikuwa umerefuka ukipita wa chini kwa karibu nusu sentimita, unabanduka magamba, na ndani yake mlikuwa na mistari miwili ya rangi ya kahawia nyekundu kama damu iliyovilia. Lakini nilikataa. Ndege aliyepoteza damu na kulala kwa hofu usiku kucha hana akiba ya kuvumilia dakika kumi zaidi za kushikwa. Kasuku mdogo anaweza kufa kwa mshtuko wa mkono wenye nia njema. Nilimweka kwenye boksi lenye taulo, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja ili achague mwenyewe joto au baridi, maji kwenye kifuniko, na mwanga hafifu. Saa nne akala. Saa sita wakaondoka naye.

Kabla hawajaondoka nilimpima kwenye mzani wa jikoni: gramu 114. Kokateli wengi huwa kati ya gramu 80 na 100. Nilipopapasa kifua, mfupa wa kidari, ambao kwa ndege mzima unausikia kama ukingo butu, ulikuwa umezama ndani ya mafuta. Nikauliza anakula nini.

"Alizeti," kijana alijibu kwa fahari. "Tunanunua Majengo, za Singida, safi kabisa."

Na nini kingine? Hakuna kingine. Aliyewauzia Dar es Salaam, mwaka mmoja na nusu nyuma, aliwaambia alizeti na maji vinatosha. Nisingewalaumu hata kidogo. Kanda yetu hii ndiyo ya alizeti. Mbegu zinapatikana kila soko, ni rahisi, na kasuku anazipenda kama mtoto anavyopenda pipi. Lakini karibu nusu ya kiini cha alizeti ni mafuta, madini ya chokaa ni kidogo, na vitamini A ni kama hakuna. Ndege anayeishi tunduni, haruki kilomita hata moja kwa siku, akila hiyo peke yake anavimbisha ini kwa mafuta. Ini likichoka, moja ya mahali panaposema ni mdomoni: unaota haraka, unabanduka, na unavilia damu ndani bila kugongwa. Kwa hiyo ule mdomo mrefu wa Kito haukuwa tatizo la mkasi. Nilikagua pia kama kuna utitiri wa usoni, maana nao huharibu mdomo, hasa kwa wale kasuku wadogo zaidi wa kijani na bluu. Huacha ganda lenye vitundu kama sega la nyuki pembeni mwa mdomo. Kwa Kito hapakuwa na dalili hiyo. Kipimo cha damu cha ini sikuwa na uwezo wa kukifanya, na ndege mwenyewe hakuwa na damu ya kutoa siku ile. Nilitibu kwa kile nilichokiona na kukipapasa.

Kucha nazo zilikuwa na lao. Niliwaomba wanitumie picha ya tundu. Vijiti vya kukalia vilikuwa viwili, vyote vya bomba la plastiki la maji, unene mmoja, laini kama kioo. Mtu angevaa viatu vya aina moja, kwenye sakafu ya marumaru, mwaka mzima usiku na mchana, miguu yake ingekuwaje? Ukucha wa kasuku unaota siku zote, na kinachoupunguza ni gome la mti.

Kijana aliniuliza swali moja kwenye simu jioni ile ambalo nimelibeba mpaka leo: wale kasuku wa porini, nani anawakata kucha?

Anajua anachosema. Dodoma tuna kasuku wetu wadogo wa asili, wale wa kijani wenye kichwa cheusi, ukosi wa njano, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Uzito wao ni kama gramu 50, na duniani asili yao ni hapa Tanzania. Wanaruka kwa makundi wakipiga kelele, wanazaliana kwenye matundu ya mibuyu, na kutwa nzima wanapanda magome, wanatafuna vijiti, wanachambua mbegu za nyasi. Kucha zao zinasagika kwenye mbuyu, midomo yao inasagika kwenye kazi. (Na kwa kuwa nimewataja: hao si wa kukamatwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kukamata na kumiliki mnyama wa porini, na ndege wamo. Ukiletewa mmoja ndani ya kapu barabarani, usinunue kwa huruma, maana huruma hiyo ndiyo inayomrudisha mkamataji porini kesho yake.)

Basi kazi yetu ilikuwa kumpelekea Kito mbuyu wake sebuleni.

Hapo Dodoma ilitubeba. Nilimpeleka kijana na mama yake kwa mzee mmoja mwenye shamba la zabibu Mpunguzi. Tulipofika akatupokea kwa "Mbukwenyi!" na nilipomweleza tunatafuta matawi ya kumkalisha ndege alicheka sana, halafu akatuonyesha lundo zima la matawi yaliyopogolewa. Tawi la mzabibu ni zuri ajabu kwa kasuku. Halina sumu kwake, lina vifundo na mipindo, hapa nene pale jembamba, na gome lake linabanduka vipande ambavyo ndege anavichana kwa furaha. Nilimuuliza mzee jambo moja tu la lazima: mara ya mwisho alipulizia dawa lini? Zabibu hupigwa salfa na dawa nyingine za ukungu. Akatutolea matawi ya mizabibu ambayo hakuwa ameipulizia msimu ule, na bado tukayasugua kwa brashi na maji, tukayaanika juani siku nne. Tulichagua matawi ambayo vidole vya Kito vingezunguka karibu robo tatu ya unene wake, lingine nene zaidi, lingine linalopanda mshazari. Mabomba yakatoka. Vijiti vilivyobandikwa msasa, ambavyo wengine wanavisifia, mimi sivitaki. Vinachubua nyayo kabla havijagusa ukucha, na vidonda vya nyayo ni kazi ya miezi. Rafiki yangu aliyekuwa Dar akaja na mfupa mweupe wa ngisi wawili aliouokota ufukweni. Tukauosha, tukauloweka maji siku kadhaa, tukaukausha na kuufunga ukutani mwa tundu. Chokaa, na kitu cha kusugulia mdomo.

Chakula kilikuwa kigumu kuliko miti. Kasuku akizoea kitu kimoja, anaweza kukaa na njaa mbele ya sahani iliyojaa kwa sababu hakitambui kama chakula. Usimgomee alizeti ghafla ukidhani atakubali tu. Anaweza kufa. Tulianza na robo ya kipimo cha uwele na ulezi ndani ya alizeti zake, kila siku tatu tukaongeza, na kila asubuhi kabla hajala kijana alimpima na kuandika kwenye daftari la hesabu. Makubaliano yalikuwa haya: akishuka zaidi ya gramu 11, ambayo ni kama sehemu ya kumi ya uzito wake, tunasimama na kunipigia. Mboga alizipuuza wiki mbili. Siku moja mama alikuwa anachambua majani ya mlenda mezani, Kito yuko begani, akashuka mwenyewe akang'ata jani. Toka siku ile mlenda mbichi ukawa mlango wa mboga nyingine: majani ya maboga, mchicha, karoti iliyoparwa, viazi lishe vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa. Vitamini A iliyokosekana kwenye alizeti ilikuwa imejaa jikoni kwao siku zote. Kimoja nilikataza kabisa: parachichi. Kwa kasuku ni sumu, hata kipande.

Siku ya tisa alirudi kwa ajili ya kucha na mdomo. Gramu 111, macho maangavu, anapiga kelele za kulalamika. Sasa ndiyo nikakubali kushika kikata kucha, kile kile cha watu.

Kucha za Kito ni za rangi ya kijivu hafifu, kwa hiyo tochi ikiwekwa chini yake unaona mshipa wa damu kama uzi mwekundu unaoishia njiani. Ukucha unaporefuka muda mrefu mshipa nao hurefuka, kwa hiyo huwezi kuufikisha unapotakiwa siku moja. Nilikata ncha tu, milimita moja, nikaangalia, kwa baadhi nikaongeza nyingine nusu. Kucha nane, nne kila mguu, vidole viwili mbele na viwili nyuma. Pembeni niliweka kisahani cha unga wa ngano mkavu. Ukigusa mshipa na huna dawa ya kukausha, unachovya ukucha humo na kubana. Sikuuhitaji. Kwa mwenye ndege wa kucha nyeusi ushauri wangu ni mfupi: mshipa hutauona, kata kidogo kuliko unavyotamani.

Mdomo sikuukata kwa mkasi wala kikata kucha. Ndani ya mdomo kuna mfupa na mishipa. Ukiubana ukapasuka, umempasua taya. Nilitumia tupa ndogo ya kucha, nikasugua ncha na magamba kwa dakika mbili, nikampumzisha, dakika mbili tena, basi. Nilipunguza kama milimita mbili. Ulibaki mrefu kidogo kuliko inavyopendeza, na niliuacha hivyo makusudi, kwa sababu nilitaka ini na mti wa mzabibu vimalizie.

Kwa bawa tulibishana. Mjomba, ambaye ndiye aliyekata, alikuja mwenyewe siku hiyo, na namheshimu kwa hilo. Aliniambia kilichomtuma: jioni moja Kito alipita inchi chache kutoka kwenye pangaboi linalozunguka. "Nilisikia ukikata moja tu hawezi kabisa kuruka. Niliona bora bawa kuliko kichwa." Hofu yake ilikuwa ya kweli. Pangaboi linaua ndege. Lakini ndege aliyekatwa bawa moja hajifunzi kwamba haruki. Anaruka kila mara kwa nguvu zile zile, upande mmoja unashika hewa, mwingine hauna cha kushikia, anajizungusha na kutua kwa kidari. Kijana alikuwa ameshalieleza vizuri zaidi: "Anazunguka, halafu pu!" Na Kito alikuwa mzito.

Mjomba akauliza, kwa haki, kama basi tusikate na la kulia ili yalingane. Nililifikiria kwa muda. Wapo wanaofanya hivyo, na kwa ndege mwembamba mwenye kifua imara kulinganisha kunaweza kumpa mtuo wa wima badala ya kuzunguka. Ukataji wa mabawa wenyewe, ukifanywa, hufanywa pande zote mbili, manyoya machache ya nje, baada ya kukagua moja moja kwamba hakuna lenye damu, na kwa ndege aliyekwisha kujua kuruka. Anashuka polepole kama anayeteleza. Lakini bawa la kulia la Kito nalo lilikuwa na manyoya machanga mawili. Kukata majirani zake kungekuwa kurudia kule kule tulikotoka. Nilisema hapana. Tutashusha vijiti viwe chini, tutatandika godoro la zamani chini ya tundu, na tutangoja manyoya yake yaote. Pangaboi lina swichi: likazimwa na kusimama kabisa kabla mlango wa tundu haujafunguliwa, na mjomba mwenyewe akabandika karatasi nyekundu kwenye swichi hiyo. Madirisha yakawekwa neti.

Usiku tulimwachia taa ndogo ya njano karibu na tundu, na kitambaa upande mmoja tu. Bati lile lilipigiliwa misumari siku hiyo hiyo. Nilichokikuta sebuleni kwao nisichokitarajia ni jiko la mkaa, lililoingizwa ndani usiku kwa ajili ya baridi ya Julai. Niliomba litolewe kabla sijakaa. Mapafu ya ndege yanachuja hewa kwa bidii kuliko yetu na moshi humuua mapema, lakini hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua na watu.

Hewa yetu kavu nayo ina lake. Kokateli hutoa vumbi jeupe la manyoya, na Dar es Salaam unyevunyevu ulimsaidia. Hapa alikuwa anajikuna hadi ngozi inamenyuka. Tiba ilikuwa chupa ya kupulizia yenye maji safi ya uvuguvugu, saa tatu asubuhi, mara tatu kwa wiki, ili jioni imkute mkavu. Mara ya kwanza alikimbia. Mara ya nne alifungua mabawa yote mawili, lile zima na lile la vishina, akainamisha kichwa chini ya maji.

Mwishoni mwa mwezi wa nane alikuwa na gramu 106. Mwezi wa kumi vishina vilianza kudondoka, kimoja kimoja, na kijana akawa anavikusanya kwenye bahasha. Magamba ya mdomo yaliisha kwanza, mistari ya damu ikafuata polepole, ikishuka na mdomo unavyoota mpaka ikafika kwenye ncha na kusagika.

Nilikwenda kwao mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea na vilima vyote vya mji vimekuwa kijani. Pangaboi limesimama, karatasi nyekundu ipo. Kito alitoka tunduni, akaruka hadi kwenye fimbo ya pazia, akageuka, akarudi begani kwa kijana bila kugusa kitu. Gramu 97. Nilichukua miguu yake nikaitazama kwenye mwanga wa mlango. Kucha fupi, butu, zenye vumbi la gome. Kikata kucha sikukitoa mfukoni.

Kijana alitaka mimi nihesabu manyoya ya bawa la kushoto pamoja naye. Tukafungua taratibu, tukahesabu kutoka nje: kumi. Ule nilioung'oa ulikuwa umerudi, mfupi kidogo kuliko wenzake.